Hasira Yenye Macho

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akatia ndani yake mapenzi na chuki, hofu na tamaa, furaha na ghadhabu, ili amtahini kwa hayo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyetumwa kuzitimiza tabia njema, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

SABABU YA KUANDIKA WARAKA HUU

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, hapa Kariakoo, alinijia mtu mwenye duka la jumla ninayemjua kwa miaka mingi. Ni mtu wa sala tano na mtoaji wa sadaka, wala sijapata kumsikia akitukana sokoni. Akakaa mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema: "Maalim, jana nimemwacha mama watoto, talaka tatu. Lakini sikuwa mimi, zilikuwa hasira. Hasira zikishanipanda, sioni wala sisikii. Nitafutie njia."

Nikamtaka anieleze siku yake ilivyokuwa tangu asubuhi. Akasema kwamba asubuhi mdai wake alimjia dukani, mtu mwenye mali na mwenye jina, akamdai kwa sauti kubwa mbele ya wanunuzi na wachukuzi, akamwita mwongo. Nikamwuliza, "Nawe ukamjibu nini?" Akasema, "Nikamwambia, nistahimilie, mzee wangu, mpaka Ijumaa." Mchana akaja mtoza ushuru akamwandikia faini. Nikamwuliza, "Nawe?" Akasema, "Nikalipa." Jioni akarudi nyumbani, na mkewe akamwuliza habari ya karo ya mtoto. Ndipo hasira zikampanda, zikampofusha macho.

Nikamwambia: "Ndugu yangu, hasira hizo unazosema hazioni, mimi naona zimeona vizuri sana. Zimemwona mdai zikanyamaza. Zimemwona mtoza ushuru zikainama. Zimemwona mama watoto, ndipo zikasema." Hakunijibu neno. Nami nilipolala usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa maneno niliyomwambia yalinirudia mwenyewe, kwa sababu nitakayoitaja huko mbele.

Basi nimeona ni wajibu kuwaandikia ndugu zangu juu ya jambo hili, kwani yeye si wa kwanza kuja na udhuru huo, wala hatakuwa wa mwisho. Na suala lenyewe ni hili: Je, ghadhabu ni nguvu imtendayo mtu pasipo hiari yake, kama homa, au ni tendo la mtu mwenyewe ambalo ataulizwa kwalo?

HASIRA HUCHAGUA

Watu husema kwamba hasira ni moto. Na neno hilo lina asili, kwani Tirmidhi amepokea kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume (s.a.w.) aliifananisha ghadhabu na kaa la moto katika moyo wa mwanadamu, akataja wekundu wa macho na kuvimba kwa mishipa ya shingo. Walakini na tutazame imefananishwa kwa lipi. Imefananishwa kwa joto lake na kwa dalili zake zionekanazo mwilini. Haikusemwa kwamba mwenye kaa hilo amepokonywa hiari yake.

Sisi wa mji huu tumeuona moto ulio moto hasa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua soko kuu la Kariakoo, lile jengo lililofunguliwa mwaka wa 1975. Moto ule haukumwuliza mtu jina lake wala cheo chake. Uliunguza mali ya mwenye nyingi na mali ya mwenye kidogo, na asubuhi wote walisimama barabarani wakitazama moshi ule ule. Huo ndio moto, hauna macho.

Je, hasira zetu ndivyo zilivyo? Simama siku moja katika mtaa wa Kongo au barabara ya Msimbazi, utazame. Mkokoteni ukigusa gari la tajiri, tajiri hushuka akamtukana mchukuzi na mama yake mzazi. Gari la tajiri likigonga mkokoteni, mchukuzi huokota mizigo yake akasema, "Samahani, bosi." Mwenye duka humfokea kijana wake aliyekosea hesabu ya shilingi elfu mbili mpaka kijana akatetemeka, na mteja mkubwa akikosea kwa laki, mwenye duka huyo huyo humwagizia chai na kusema kwamba kukosea ni kwa wanadamu.

Mtaa wetu huu umepata jina lake kwa wachukuzi. Waingereza walipoutwaa mji huu katika vita vya 1914 hata 1918, waliweka hapa kambi ya wapagazi wao, iliyoitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo Kariakoo. Tangu wakati huo mpaka leo mchukuzi ndiye atubebeaye mizigo yetu, na naona kwamba tumemtwisha na hasira zetu pia.

Lau hasira ingekuwa wazimu, ingempiga wa juu na wa chini sawasawa, kwani mwenda wazimu hatazami ampigaye ni nani. Mwenye hasira hutazama, hupima, kisha huchagua. Naye achaguaye ana akili, na mwenye akili huulizwa.

HADITHI YA ABU MASUD

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ambayo kila mwenye mamlaka juu ya mtu mwingine yampasa kuijua. Abu Masud, sahaba wa Mtume (s.a.w.) katika Maansari, alikuwa akimpiga kijana mtumwa wake kwa mjeledi. Akasikia sauti nyuma yake ikimwita, wala hakuitambua kwa ajili ya ghadhabu aliyokuwa nayo. Mwenye sauti alipomkaribia, kumbe ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mjeledi ukamwanguka mkononi. Mtume akamjulisha kwamba Mwenyezi Mungu ana uweza juu yake zaidi ya uweza alio nao yeye juu ya kijana yule. Abu Masud akamwacha huru kijana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye akaambiwa kwamba lau hakufanya hivyo, Moto ungalimpata.

Katika habari hii mna mambo matatu. La kwanza, sahaba mwema pia hughadhibika, basi asijidhani mtu kuwa sala zake zimemkinga. La pili, ghadhabu yake ilifika mpaka wa kutoitambua sauti aijuayo, na pamoja na hayo hakupewa udhuru, bali alitajiwa Moto. Na la tatu ndilo kubwa. Utazame ule mjeledi. Hapana mtu aliyemnyang'anya, wala haukupita muda wa hasira kupoa. Alimwona aliye mkubwa kuliko yeye, na mara ile mkono wake ukafunguka. Basi uwezo wa kuufungua mkono ulikuwa kwake tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kukumbuka kwamba yuko amwonaye.

Na ndivyo tulivyo sote. Mtu akiwa katika kilele cha hasira nyumbani mwake, mlango ukabishwa hodi, na mgeni akawa ni mkwewe au mkubwa wake wa kazi, sauti hushuka kabla mlango haujafunguliwa. Ni nani aliyeishusha? Ni yeye yule asemaye kwamba hakuwa yeye.

HUKUMU YA SHERIA

Ama talaka ya mwenye hasira, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii (Mwenyezi Mungu amridhie) hupita. Katika Fat-hul Muin, kitabu cha Sheikh Zainuddin wa Malibari ambacho husomwa katika madrasa za pwani yetu, imetajwa kwamba wanavyuoni wamewafikiana juu ya kupita kwake, ijapokuwa mtu atadai kwamba fahamu zilimtoka kwa ghadhabu. Iko hadithi ya Bibi Aisha aliyoipokea Abu Daud, yenye maana ya kwamba hapana talaka katika ighlaq. Wako walioifasiri kalima hiyo kwa ghadhabu, na Mashafii wameifasiri kwa kulazimishwa na kutiwa nguvuni.

Na Ibnul Qayyim, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka wa 751 Hijria, aliandika risala mahsusi juu ya jambo hili, akaigawa ghadhabu mafungu matatu. La kwanza ni mwanzo wake, mtu ajua asemalo, na talaka yake hupita. La pili ni ukomo wake, mtu hajui asemalo wala halikusudii, na talaka yake haipiti. La tatu ni baina ya hayo mawili, na hilo ndilo lenye mzozo, naye alielekea kutoipitisha.

Sasa mtu atasema: basi na tulishike neno la Ibnul Qayyim, tupate nafasi. Nami namwuliza: hata kwa neno hilo, ni wangapi katika wanaotujia waliofika ule ukomo? Mtu akumbukaye kwamba alitamka tatu wala si mbili, na akumbukaye mkewe alikuwa amesimama wapi na amejibu nini, huyo akili zake hazikuwa mbali. Ama kadhia ya ndugu yule, sikuikata mimi peke yangu. Niliipeleka kwa wenye dhamana ya mambo hayo, na katika nchi yetu Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 nayo imeweka baraza la usuluhishi na mahakama. Waraka huu si wa kumfungulia mtu fundo alilokwisha kulifunga. Ni wa kumshika mkono kabla hajalifunga.

Wala mtu asidhani kwamba wanavyuoni wetu waliipitisha talaka hii kwa ukali wa mioyo. Walimheshimu mtu kwa kumhesabu kuwa ni mwenye neno. Sokoni kwetu mtu akisema "nimeuza", ameuza. Hatujamwona mfanyabiashara anayerudi kesho yake akasema kwamba bidhaa arudishiwe kwa kuwa alipouza alikuwa na hasira. Basi vipi neno lake liwe zito juu ya robota la nguo, liwe jepesi juu ya mama wa wanawe?

KILICHO CHINI YA HASIRA

Lakini haitoshi kumwambia mtu kwamba ataulizwa. Tabibu hamwambii mgonjwa kwamba ugonjwa ni mbaya kisha akaenda zake. Na tuitazame hasira yenyewe, imetoka wapi.

Mara nyingi hasira si mgeni wa kwanza kuingia moyoni. Hutanguliwa na mgeni mwingine ambaye hatutaki kumtaja kwa jina: ni haya, au hofu, au huzuni, au husuda. Sisi wanaume wa pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba hofu ni ya wanawake na kilio ni cha watoto. Tumeachiwa mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni hasira. Basi kila kilichomo ndani hutokea hapo, kikiwa kimevaa nguo zisizo zake.

Nilimwuliza yule ndugu: "Mdai alipokuita mwongo mbele ya watu, uliona nini moyoni?" Akafikiri kitambo kirefu, akasema, "Niliona haya." Nikamwuliza, "Na mama watoto alipokutaka karo?" Akasema, "Niliona haya tena, kwa kuwa sikuwa nayo." Basi tangu asubuhi mpaka usiku mtu huyu alikuwa mgonjwa wa haya, naye akajitibu kwa dawa ya ugonjwa mwingine. Lau angalimwambia mkewe, "Leo nimeaibishwa sokoni, na fedha sina," nyumba yake ingalisimama hata leo. Lakini kutamka talaka tatu kulikuwa kwepesi ulimini mwake kuliko kutamka hilo neno moja.

Na nani aliyetufundisha kwamba mwanamume hasemi huzuni yake? Si Qurani. Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu ametupa habari ya Nabii Musa aliporejea kwa watu wake akawakuta wanaabudu ndama, na ametaja hali zake mbili pamoja, ghadhabu na huzuni, wala hakuificha moja nyuma ya nyingine. Musa akaziweka chini zile mbao, akamshika ndugu yake kichwani akimvuta. Na ndugu yake alipojieleza, Musa alijiombea msamaha yeye na ndugu yake. Kisha, ilipotajwa kutulia kwake, neno lililotumiwa kwa ghadhabu ni kunyamaza, kana kwamba ilikuwa mtu anayesema naye sikioni. Na Nabii Yaakub katika Suratu Yusuf alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye hakuona aibu kusema kwamba huzuni yake aipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele ya masahaba, akakiri kwa ulimi wake kwamba moyo wahuzunika. Je, sisi tu wanaume zaidi yao?

HABARI YANGU MWENYEWE

Nimesema kwamba maneno niliyomwambia ndugu yule yalinirudia. Sababu yake ni hii, na naiandika ili asije mtu akadhani kwamba mwandishi amekaa juu ya mlima akiwatazama walio bondeni.

Miaka mingi iliyopita, asubuhi moja, mwenye nyumba tuliyoipanga kwa chuo alinijia akanidai kodi mbele ya wazee wa watoto. Alinisema maneno ambayo mtu mwenye kilemba kichwani hapendi kuyasikia. Nikamjibu kwa upole, nikamwita bwana, nikaahidi, akaenda zake. Nikaingia kusomesha. Mtoto mmoja yatima, aliyekuwa akilelewa na bibi yake muuza maandazi, akakosea aya aliyokuwa ameihifadhi vema siku tatu kabla yake. Nikampiga bakora zaidi ya adabu. Baada yake akaja mtoto wa mtu mwenye uwezo aliyekuwa akitusaidia chuoni, akakosea pale pale. Nikatabasamu, nikamrudisha mwanzo wa aya.

Yule yatima hakulia. Alinitazama mimi, akamtazama mwenzake, akanitazama tena. Katika maisha yangu nimekaa mbele ya masheikh wakubwa wakanitahini, wala sijapata kutahiniwa kama nilivyotahiniwa na macho yale. Jioni nilikwenda kwa bibi yake kuomba radhi. Bibi alinipokea vizuri, akanipa chai na maandazi, akasema kwamba mwalimu ni mzazi. Lakini mtoto hakurudi chuoni tena. Mpaka leo nikipita mahali walipokuwa wakikaa, najua kwamba yuko mtu katika mji huu aliyeachishwa Qurani kwa mkono wangu, naye hakuwa na kosa ila kwamba alikuwa mdogo kuliko mwenye nyumba.

HASIRA ILIYO NJEMA

Huenda mtu akasema: basi mwatutaka tuwe kama magogo, tukitukanwa tucheke, haki zetu zikichukuliwa tushukuru? La. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka wa 505 Hijria, ameeleza katika Ihyau Ulumid Din kwamba ghadhabu ina ncha mbili mbaya na katikati yake njema. Ncha moja ni kupita mpaka, mpaka akili na sheria zisitiiwe. Ncha ya pili ni kutokuwa nayo kabisa, na huyo hana ghera kwa dini yake wala kwa ahli zake. Imepokewa kwamba Imamu Shafii mwenyewe alimfananisha na punda mtu achokozwaye asighadhibike. Kwa hiyo hatukuamrishwa kuiua, tumeamrishwa kuirudi mpaka itii.

Na mizani ya kuijua iliyo njema ipo. Bibi Aisha ametuhadithia kwamba Mtume (s.a.w.) hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, na kwamba hakulipiza kisasi kwa ajili ya nafsi yake, bali ilipovunjwa mipaka ya Mwenyezi Mungu ndipo alipochukia. Na Bukhari amepokea habari ya mtu aliyekuja kumdai Mtume deni lake, akamsemea kwa ukali mpaka masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawaambia kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Huyu ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kumnyamazisha mdai wake kwa ishara ya kidole. Angalia alivyoitumia nguvu yake, kisha uangalie sisi tunavyoitumia yetu juu ya walio chini yetu.

Basi hasira njema ina alama. Haitafuti dhaifu. Husema kwa hoja, mchana, mbele ya anayehusika. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa malalamiko juu ya ukusanyaji wa kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja akawasikiliza katika hadhara, viwanja vya Mnazi Mmoja. Sisemi hapa ni nani aliyekuwa na haki katika kila jambo lililotajwa siku ile. Nasema kwamba watu walisimama mmoja mmoja, wakaeleza yaliyowachoma, wakamweleza mwenye mamlaka ya kuyatengeneza. Wako wengi miongoni mwetu wasioweza kufanya hivyo. Machungu ya mkubwa huyameza, huenda nayo nyumbani, wakayatapika juu ya mtoto.

DAWA

Mtu alimwendea Mtume (s.a.w.) akataka kuusiwa, naye akamwusia asighadhibike, akarudia kuuliza mara nyingi, na jawabu likawa ni lile lile. Na katika hadithi nyingine amesema kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Wala hakutuacha bila ya kutuonyesha njia.

Kwanza, mtu ajilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani. Akiwa amesimama na akae, na isipomtoka na alale ubavu. Kwani aliyesimama yu karibu kupiga, na aliyekaa yu mbali nako kidogo. Na atie udhu, maji yampoze. Nami nazidisha kwa zama zetu: aiweke simu mbali na mkono wake. Talaka iliyoandikwa na mtu awezaye kusema ni kinaya katika madhehebu yetu, akiikusudia hupita; basi mtu asidhani kwamba maneno ya simu ni mchezo.

Pili, Mtume (s.a.w.) amekataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Na kila mwanamume ni kadhi katika nyumba yake na katika duka lake. Ukitaka kumwacha mke, au kumfukuza kijana wa kazi, au kumpiga mtoto, au kukata udugu, nawe una hasira, hukumu hiyo iahirishe mpaka sala inayofuata ipite. Kama jambo lile ni haki, litakuwa haki vile vile baada ya Magharibi. Na kama si haki, umeokoka. Wazee wetu wamesema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Yule mdai aliyemwaibisha ndugu yetu alilala usingizi wake usiku ule, na nyumba iliyovunjika haikuwa yake.

Tatu, imlazimu mtu kuijua nafsi yake kwa hesabu. Imamu Ghazali ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi unashartiana naye, mchana unamwangalia, na jioni unakaa naye mfanye hesabu ya faida na hasara. Ndugu zangu wa sokoni mnayajua haya kuliko mimi. Hapana mwenye duka alalaye bila ya kujua siku imeingiza nini na imetoa nini. Basi kabla ya kulala fungua na daftari hili la pili, ujiulize maswali matatu. Leo nimemkasirikia nani, naye ni mkubwa wangu au ni mdogo wangu? Kabla ya hasira ile, moyoni mwangu paliingia nini, haya, hofu, huzuni, au husuda? Na lau Mtume wa Mwenyezi Mungu angalikuwa nyuma yangu wakati ule, mkono wangu ungalifanyaje?

Swali la kwanza litakuonyesha kwamba hasira yako ina macho. La pili litakujulisha ugonjwa wako kwa jina lake. Na la tatu litakukumbusha kwamba ijapokuwa Mtume hayuko nyuma yako, Mola wake yuko, naye akuona. Afanyaye hivi mwezi mmoja ataona ajabu ya nafsi yake, na huenda akawa na watu wawili au watatu wa kuwaendea kuwaomba radhi. Na aende upesi, maana watoto hukua wakahama, na wake huolewa na wengine, na wazee hufa.

Katika Suratu Aal Imran Mwenyezi Mungu amewasifu wamchao kwa daraja tatu zifuatanazo: kuizuia ghadhabu, na kuwasamehe watu, na kuwafanyia wema. Asiyeweza ya tatu na aanze kwa ya kwanza, kwani hapana apandaye ngazi kwa kuanzia juu.

Ee Mola wetu, tujaalie tuwaonee haya walio dhaifu kama tunavyowaonea haya wenye nguvu. Utusamehe wale tuliowadhulumu kwa mikono yetu na ndimi zetu, uwaridhishe kwa fadhila yako pale tusipoweza kuwafikia. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Wabillahi taufiki.